Karakana ya Wasomaji: Hiyo V8 Yako Ina Farasi Wangapi Kweli?

Mwezi huu nimeamua niweke pamoja barua za wenzetu wa V8 (injini za silinda nane) za Kimarekani, zile gari za misuli za kuanzia GTO ya 1964 mpaka kama 1972 hivi, maana maswali yanafanana na yote yanazunguka pale pale, gari ina nguvu za farasi kiasi gani na nifanyeje iongezeke. Majina nimeyaacha, nimeweka gari tu. Barua zingine nimezikata kwa sababu kuna mtu kaandika kurasa kibao na nusu yake ni historia ya rangi.

CHEVELLE YA 1970, INJINI 350

*Fundi shikamoo. Nina Chevelle ya 1970 yenye injini ya inchi za ujazo 350 na kabureta ya matundu manne. Aliyeniuzia aliapa ina farasi 300, na stika juu ya eya klina inasema hivyo hivyo. Nimeipeleka uwanja wa robo maili ikatoa sekunde 15.9, na kasi pale mstari wa mwisho ilikuwa kilomita 145 kwa saa. Kwenye mizani gari pamoja na mimi ndani ni kilo 1,700. Washkaji wananicheka, wanasema hapo hamna farasi 300 hata kwa dawa. Nani mkweli?*

Marahaba. Kwanza hongera kwa kuipandisha gari kwenye mizani, wengi wanachukua uzito wa kwenye kitabu halafu wanasahau kwamba wao wenyewe wamo ndani na tenki lina mafuta.

Hesabu yako ni hii. Chukua kasi ya mstari wa mwisho gawanya kwa 376.6, jibu lako liandike mara tatu uyazidishe yote matatu pamoja, kisha zidisha kwa kilo za gari, kisha zidisha kwa 2.205. Kwako we 145 gawanya 376.6 ni 0.385, ukiizidisha hivyo unapata 0.057 na kidogo, mara 1,700 mara 2.205 inakuja karibu farasi 214. Wanaotumia maili na pauni wanaijua kwa namba 234, hesabu ni ile ile. Ni makadirio, upepo wa mbele au mteremko kidogo unaipindisha, ila kwa gari zito lenye umbo la tofali kama Chevelle inakaribia ukweli kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Sasa angalia kitu kingine. Gari ya uzito huo yenye farasi 214 ilitakiwa imalize robo maili kwa sekunde 15.1 hivi na wewe umetoa 15.9, maana yake hizo sehemu nane za sekunde zimepotea pale mwanzo, labda matairi yalizunguka bure, labda difu ni ndefu mno (namba ya uwiano wa gia zake ni ndogo), labda mguu wako tu bado haujaizoea. Kasi ya mwisho ndo inayokwambia habari za nguvu, muda unakwambia gari iliondokaje, kwa hiyo mtu akikutajia sekunde peke yake bila kasi muulize kasi.

Tukirudi kwenye stika. Zile 300 za 1970 ni farasi za gross, yani injini imefungwa kwenye stendi ya majaribio bila eya klina, bila sailensa, bila altaneta wala feni kuizuia, na taimingi (digrii ngapi kabla ya pistoni kufika juu plagi inawasha) imetafutwa mpaka ikapatikana ile tamu kuliko zote. Hakuna gari iliyotoka kiwandani ikitembea hivyo. Net ndo injini ikiwa imevaa nguo zake zote. Mwaka 1971 Chevrolet waliandika namba zote mbili, na ukiangalia Corvette ya mwaka huo, injini ya 454 LS5 ina 365 za gross na 285 za net, LT-1 ina 330 kwa 275. Yani net ni kama asilimia 78 mpaka 83 ya gross. Weka hiyo kwenye 300 zako unapata kitu cha kati ya 234 na 249. Na uwanja ukiwa juu mlimani ongeza lawama kwa hewa, kila mita 300 kutoka usawa wa bahari injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 3.

Kwa hiyo muuzaji hakudanganya sana na washkaji nao hawajakosea, farasi unaowatafuta ni kama 20 mpaka 35 hivi na sio 86. Na hao kabla hujanunua chochote watafute kwenye gari yenyewe. Zima injini, mtu akae akanyage pedeli ya mafuta mpaka chini kabisa, wewe chungulia juu ya kabureta uone vibati vya matundu ya mbele vimesimama wima au vimebaki vimelala kidogo, halafu angalia na yale ya nyuma. Hutaamini gari ngapi zinaishi miaka na miaka zikifungua robo tatu kwa sababu ya kapeti nene chini ya pedeli au kebo iliyolegea. Baada ya hapo pima kompresheni silinda zote nane, injini iwe ya moto, plagi zote nje, kabureta wazi. Silinda dhaifu isiwe chini ya asilimia 75 ya ile yenye nguvu kuliko zote. Ikiwa chini ya hapo acha habari za kuongeza nguvu, hiyo inataka matibabu.

CORVETTE LT-1

*Mzee, nimesoma LT-1 ilikuwa na farasi 370 mwaka 1970 halafu 255 mwaka 1972. Walifanya nini? Ndani ya miaka miwili injini imeuawa kiasi hicho?*

Hapo zimechanganywa habari mbili na ndo maana inaonekana kama msiba. Kutoka 1970 kwenda 1971 General Motors walishusha kompresheni, yani mchanganyiko unabanwa mara ngapi ndani ya silinda, ili injini zikubali petroli isiyo na risasi, LT-1 ikatoka 11 kwa 1 ikaja 9 kwa 1, hiyo ni hasara ya kweli na ikashuka mpaka 330, bado kwa gross. Kutoka 1971 kwenda 1972 kilichobadilika zaidi ni kipimo. Zile 330 za gross kwa net zilikuwa 275, na 1972 ikaandikwa 255. Ukilinganisha net kwa net umepoteza 20 tu.

Na usidhani namba za zamani zote zilitiwa chumvi kwenda juu. Ford 428 Cobra Jet iliandikwa 335, Camaro Z/28 yenye 302 iliandikwa 290, na kila aliyewahi kuzifungua hizo na kuzipima anatabasamu tu. Bima zilikuwa zinaangalia namba, na madaraja ya mashindano vilevile yalikuwa yanaangalia namba, kwa hiyo kiwanda kilikuwa na sababu zake za kuandika kidogo. Mi namba ya kwenye boneti naisoma kama tangazo la biashara.

DAINO MBILI, MAJIBU MAWILI

*Gari ile ile, wiki ile ile, daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) moja imenipa farasi 240 kwenye magurudumu, nyingine 250. Niamini ipi?*

Angalia chini ya karatasi wameandika marekebisho gani ya hali ya hewa. Kuna ile ya zamani inayoitwa STD na kuna SAE, na STD inatoa namba kubwa kwa kama asilimia 4, ambayo kwako ni karibu hizo 10 zote. Gari haijabadilika kitu. Chagua daino moja, marekebisho ya aina moja, ubaki hapo hapo kila ukibadilisha kitu, kwa sababu kinachokusaidia ni tofauti ya kabla na baada. Ukitaka kujua za kwenye kranki wengi wanaongeza asilimia 15 mpaka 20 kufidia zinazoliwa na giaboksi na difu, otomatiki inakula zaidi ya manyuo, ila hiyo asilimia ni ya kubahatisha, usiende nayo kwenye ugomvi.

NOVA YA 1972, "NATAKA IUNGURUME"

*Kaka mambo. Nina Nova ya 1972, 350, giaboksi otomatiki, difu 2.73. Bloku ina namba 3970010 kwa hiyo ni 350 ya uhakika. Nimeshajichanga nataka ninunue kabureta ya 850, kemu (shafti inayofungua valvu) kubwa inayozifungua kwa digrii 244 za kranki kwenye kipimo cha inchi 0.050, na heda (mabomba ya eksozi yanayotoka kwenye hedi). Kuna mtu kaniambia nitavuka farasi 400. Nianze na kipi?*

Poa mdogo wangu. Anza na kuweka pochi mfukoni kwanza.

Hiyo namba ya bloku haitoshi. 3970010 ilimwagwa kwenye 302, 327 na 350, zote zina silinda za kipenyo kile kile cha inchi 4.00, tofauti yao ni mwendo wa pistoni. Nova imezeeka, inaweza ikawa imebadilishwa injini hata mara mbili na hakuna aliyekwambia. Angalia herufi zilizogongwa kwenye kile kibao bapa mbele ya hedi ya kulia, na siku ukifungua hedi pima pistoni inatembea kiasi gani kutoka chini mpaka juu: milimita 88.4 ni 350, 82.6 ni 327, 76.2 ni 302. Tuchukulie ni 350.

Kabureta. Injini ni pampu ya hewa, ina kiasi inachoweza kuvuta na haivuti zaidi eti kwa sababu umeiwekea mdomo mkubwa. Chukua inchi za ujazo 350, zidisha kwa raundi za juu kabisa utakazozungusha, tuseme 5,500, gawanya kwa 3,456, unapata kama futi za ujazo 557 kwa dakika, na hiyo ni injini inayojaza silinda zake asilimia mia. Injini ya barabarani inajaza kama asilimia 85, kwa hiyo unabaki na 473. Kabureta ya 600 inakutosha na chenji inabaki! Ukiweka 850 hewa inapita polepole kwenye koo la kabureta, mafuta hayavutwi vizuri, gari inakuwa inakohoa kila ukikanyaga ghafla, na kwenye raundi za juu unachopata ni kidogo sana. Kama unang'ang'ania kubwa chukua ya 650 au 700 ambayo matundu ya nyuma yanafunguka kwa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini yenyewe), angalau yenyewe inasubiri injini iitake hewa ndo inafungua.

Kemu ndo penye kilio. Ya kiwandani kwenye 350 za kawaida za wakati ule ilikuwa na digrii chini kidogo ya 200 kwa kipimo hicho hicho cha 0.050, wewe unataka kuruka mpaka 244. Sikia kinachotokea: valvu ya kuingiza inachelewa kufunga, pistoni imeshaanza kupanda na inarudisha sehemu ya mchanganyiko kule ulikotoka, kwa hiyo kwenye raundi za chini unabana kiasi kidogo kuliko mwanzo. Injini yako ya 1972 inabana 8.5 kwa 1 tu, ukiinyang'anya na hicho inabaki gari inayonguruma vizuri kwenye mataa ikisimama na inayoachwa na gari za familia taa ikiwaka kijani. Vakyumu inashuka, breki zenye busta zinakuwa ngumu. Na hiyo kemu inafanya kazi yake kule juu, kwenye raundi 3,500 mpaka 6,500, wakati difu yako ya 2.73 na tairi la inchi 27 kwenye kilomita 97 kwa saa inazungusha injini raundi kama 2,040. Yani utaendesha wiki nzima bila kufika pale kemu inapoamka.

Kemu ya namna hiyo inataka kompresheni ya kuanzia 10.5, konveta ya giaboksi otomatiki inayoachia injini ipande mpaka raundi 3,000 na kitu, difu ya 4.10, springi za valvu ngumu zaidi. Kila kimoja kinamwita mwenzake. Ukinunua kimoja tu umenunua kelele.

Mi ningekushauri hivi, na najua haitakufurahisha sana. Difu kwanza. Ukiitoa 2.73 ukaweka 3.36 au 3.55 hujaongeza farasi hata mmoja lakini magurudumu yanapata torki (nguvu ya kuzungusha) zaidi kwa asilimia 23 mpaka 30, kila gia, kila siku, na gari utadhani imebadilishwa injini. Kwenye barabara kuu raundi zinapanda, na ile 3.73 wanayoisifia ingekupeleka kama 2,790 kwenye kasi hiyo hiyo, masikio yako yatalalamika ndo maana sijaitaja.

Halafu hedi. Za kwako za 1972 zina chemba kubwa, karibu sentimita za ujazo 76. Silinda moja ya 350 inameza kama sentimita za ujazo 717. Kwenye pistoni bapa yenye vijishimo vya valvu vya sentimita 5, gasketi ya sentimita 8.4 na pistoni inayosimama inchi 0.025 chini ya uso wa bloku, nafasi yote inayobaki juu ni 94.5, ambayo inakupa kompresheni ya 8.6. Badilisha hedi tu uweke za chemba 64 na nafasi inabaki 82.5, kompresheni inapanda mpaka 9.7. Hapo umepata pointi moja nzima na kila pointi ina asilimia 3 au 4 za nguvu, tena kuanzia chini mpaka juu, na bado sijahesabu kwamba hedi za kisasa za alumini zinapitisha hewa kwa mbali kuliko zile chuma za zamani. Ila pima pistoni zako kwanza, zikiwa zile zenye bakuli katikati hesabu inabadilika kabisa.

Ukishafika hapo ndo uiguse kemu, ya digrii 215 mpaka 224 kwenye 0.050, heda zenye mabomba ya wastani na eksozi mbili zilizounganishwa katikati. Kemu ya tapeti bapa (tapeti ndo vipande vinavyosukumwa na kemu) usiiwashe ovyo, siku ya kwanza ipeleke moja kwa moja raundi 2,000 mpaka 2,500 na uizungushe hapo dakika 20 hivi bila kuiachia silensa (mzunguko wa chini wa gari ikiwa imesimama), na oili iwe yenye zinki ya kutosha, oili nyingi za kisasa zimepunguziwa zinki na kemu za aina hiyo zinaliwa kama sabuni. Ukiona uvivu wa hayo yote nunua ya tapeti za rola.

Farasi 400 za net hapo huzioni, ila 300 za net zinawezekana bila presha, na kumbuka hizo ni nyingi kuliko 300 za stika ya 1970. Kwa Nova ambayo ni nyepesi mbona utafurahi.

CAMARO YENYE 327

*Fundi, taimingi nimeweka digrii 34 jumla kama vitabu vinavyosema, nimeangalia na taa mara nyingi ipo pale pale. Lakini ikiwa ya moto starta inasuasua kama inapigwa teke, na nikikanyaga mlimani inagonga. Fundi wangu anasema petroli mbovu.*

Petroli inawezekana, ila mi nashuku alama unayoiangalia. Ile balansa nzito mbele ya kranki imetengenezwa vipande viwili, kitovu ndani na ringi ya chuma nje, katikati kuna mpira. Mpira una miaka zaidi ya 50, unakauka, ringi ya nje inateleza taratibu na alama imechongwa kwenye hiyo hiyo ringi ya nje. Taa yako inasema kweli kabisa, inamulika alama iliyohama.

Itafute pistoni namba moja ilipo kweli. Toa waya wa betri, toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi, kisha kwenye tundu la plagi namba moja funga kizuizi cha pistoni, kile kama plagi chenye bolti katikati, kinauzwa na hata kuchonga unachonga kwenye plagi ya zamani. Zungusha kranki kwa spana, KWA MKONO, usijaribu starta utatoboa pistoni. Ikigota weka alama kwenye balansa pale inapoangalia sifuri ya kibao cha taimingi. Zungusha kwa upande wa pili mpaka igote tena, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndo juu kabisa penyewe. Kama mstari wa kiwanda hauko hapo basi umepata mchawi wako.

Kwa balansa ya kipenyo cha inchi 8 digrii moja ni kama milimita 1.77 kwenye ukingo, ya kwako kama ni ndogo pima mzingo ugawe kwa 360. Ikiwa imeteleza milimita 14 tu hiyo ni digrii 8, maana yake 34 yako inaweza ikawa 42, na dalili ulizoandika, teke la starta na kugonga mlimani, ndo za injini iliyowashwa mapema mno. Na ikiteleza upande wa pili hutasikia kugonga, utasikia gari zito na joto linapanda na heda zinakuwa nyekundu usiku, kuna watu kibao wanabadilisha kabureta kwa tatizo hilo. Balansa iliyoteleza usiichore alama mpya ukaendelea nayo, badilisha, ikiamua kuondoka kwenye raundi 5,000 inatoka na rejeta.

Balansa mpya ikishakaa, kwa hizi hedi za zamani za chuma digrii 34 mpaka 36 jumla zikiwa zimeingia zote kwenye raundi 3,000 hivi ni sawa, na mwanzo silensa iwe kama 10 au 12. Unapopima hiyo jumla chomoa bomba la advansi ya vakyumu uzibe, ukimaliza lirudishe. Kuna imani kwamba vakyumu ni ya gari za bibi na gari ya nguvu inaitoa, sijui ilitoka wapi! Ile inaongeza digrii wakati unatembea taratibu na mchanganyiko ni mwepesi na unachelewa kuungua, ukikanyaga mpaka chini vakyumu inaisha na yenyewe inajitoa. Haikunyimi farasi, ukiitoa unachopata ni joto na kiu ya mafuta.

Na taimingi sahihi ya injini YAKO utaipata uwanjani. Ongeza digrii mbili, kimbia, angalia kasi ya mstari wa mwisho. Ikipanda ongeza tena kidogo, ikisimama pale pale rudi nyuma mbili uache.

GTO YA 1969

*Habari za kazi fundi. Baba ameniachia GTO yake ya 1969, 400 ya farasi 350, haijawahi kufunguliwa kwa ninavyojua. Inagonga nikiikanyaga hata kwa petroli bora ya pampu. Sitaki kuigeuza gari ya mashindano, nataka tu itembee kwa nguvu zake bila kujiumiza. Nimeambiwa nivunje injini niweke pistoni za kompresheni ndogo.*

Salama dada yangu, na usivunje kitu bado. Hiyo 400 kiwanda kiliipa kompresheni ya 10.75 kwa 1, na petroli iliyokuwa inauzwa enzi hizo ilikuwa na oktani (uwezo wa petroli kuzuia kugonga) ya juu kuliko nyingi za leo. Kwa hiyo kugonga kwake sio ugonjwa, inadai chakula ilichozoea. Lakini usiivumilie maana kugonga kunavunja kingo za ringi kimyakimya.

Soma oktani kwa makini kwanza, namba za Marekani zinahesabiwa kwa wastani wa vipimo viwili na nchi nyingi zinaandika kimoja tu kati ya hivyo, RON, 91 ya Kimarekani ni kama 95 au 96 ya RON, ukichanganya hizo unaweza kununua hafifu ukidhani ni bora. Halafu hakikisha joto, thamostati na feni, kwa sababu injini yenye joto la digrii 10 zaidi inagonga mapema. Angalia na hayo niliyomwandikia wa Camaro hapo juu. Masizi ya miaka yote hiyo kwenye chemba nayo yanaongeza kompresheni na yanabaki na moto unaowasha mafuta kabla ya wakati, kwa hiyo kuisafisha ndani kunaweza kukupa nafuu bila kufungua.

Ikiendelea fundi wa distribyuta abadilishe springi ndogo zile za ndani ili advansi (kuwahisha kwa plagi raundi zikipanda) ije polepole zaidi, jumla uishushe digrii mbili tatu. Utapoteza farasi wachache ambao kusema kweli ulikuwa huwapati, injini inayogonga inatengeneza joto tu. Kabureta nayo isikaushe, kwenye kanyaga yote mchanganyiko uwe kama 12.5 mpaka 13 za hewa kwa moja ya mafuta, na hicho wanakipima kwa sensa ya eksozi kwenye daino.

Pistoni ni njia ndefu. Kama itabidi kufungua, kwa Pontiac ni rahisi kubadilisha hedi tu, kwa sababu familia hiyo ya injini hedi zake zinaingiliana kwa miaka mingi na zipo za chemba kubwa zaidi, unaishusha kompresheni mpaka 9.3 au 9.5 bila kugusa chini, na zile za baba unazifunga vizuri kwenye boksi unaziweka pembeni, siku ukiuza gari zina thamani yake. Hedi zozote utakazoweka ziwe na siti ngumu za valvu za eksozi, petroli bila risasi inazila zile laini za zamani, ingawa kwa gari ya kutembea Jumapili inachukua muda mrefu sana. Niandikie namba iliyo kwenye matundu ya kati ya eksozi kwenye hedi zako, zote mbili usisome moja tu, na uniambie giaboksi ni manyuo au otomatiki, toleo lijalo nitakwambia ni zipi za kutafuta.